Chumvi ya Bahari na Vyuma vya Gitaa

Wageni husifu upepo wa bahari, lakini muulize mwenye gitaa la umeme anayekaa Mji wa Kale au Likoni, atakupa habari nyingine. Tangu taarabu ya pwani ilipolikaribisha gitaa na besi kukaa ubavuni mwa udi na fidla, vikundi vyetu vimejitwika mzigo asioujua mpiga udi. Udi ni mbao, na hata vigingi vyake ni mbao. Gitaa la umeme lina madini kila pahali: vikazio vya nyuzi, chuma kinachozibeba nyuzi kule chini, vifuniko vya sumaku za kunasia sauti, na parafujo tele. Hewa yenye chumvi ikikutana na jasho la mpigaji, kutu haikawii.

Watu hudhani kile kinachometa ndicho kinachokinga. Sivyo. Kromu ya juu ni utando mwembamba mno, wenye nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kinga hasa iko chini yake, katika nikeli. Chumvi ikishapenya mpaka chini, kromu huanza kuvimba na kubanduka kama ganda. Dhahabu nayo, kwa wale wanaopenda fahari, hupakwa kiasi kidogo hata kiganja chenyewe huifuta.

Ndipo watu wakaja na shauri la rangi. Vyuma vyeusi vilipendwa sana na wapiga gitaa wa roki huko Marekani miaka ya 1980, na vijana wetu wanavipenda hadi leo. Mimi sina ugomvi na weusi. Ugomvi wangu ni na mafundi wanaopaka rangi bila ya kujua chuma kile kina kazi gani.

Kikundi ninachopigia kina besi moja tu, nayo ndiyo inayotulisha. Fundi mmoja, ambaye jina lake naliweka moyoni, alipewa chuma chake cha chini akipake. Alikirudisha cheusi kinang'aa, tukamshukuru. Usiku wa harusi, amplifaya ilipowashwa, tukasikia mvumo kama mzinga wa nyuki. Mwimbaji akinyamaza kupumzika, nyuki wanaendelea. Mwenye harusi alitaka kutukata nusu ya ujira, na kwa haki yake.

Sababu yake, msomaji, ni hii. Katika magitaa mengi ya umeme kuna waya mwembamba unaotoka ndani na kugusa chuma hicho kwa chini. Kwa njia ya chuma, nyuzi zote huungana na waya wa ethi, na ndiyo maana mpigaji akizishika mvumo hupungua. Rangi haipitishi umeme. Yule fundi alipaka juu, chini na ubavuni, akaikata njia hiyo. Besi haikuwa na ubovu mwingine wowote.

Kazi yenyewe haina uchawi, inataka subira. Kila kitu kifunguliwe kwanza. Vikazio vina grisi, na vingine vina vishikio vya plastiki, hivyo visiingizwe katika tanuri. Mafuta ya mikono yaondolewe kabisa kwa spirti, kisha msasa mwembamba upitishwe mpaka mng'ao ufe, kwani rangi haishiki juu ya kromu laini. Hapo ndipo hutiwa rangi ya msingi, na rangi yenyewe hupulizwa kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka. Nasikia wako wanaovua kromu ya zamani kwa asidi uani mwa nyumba. Hao wawaonee huruma watoto wao, maana uchafu wa kromu unaweza kuwa sumu ya kuleta saratani.

Iliyo imara zaidi ni rangi ya unga, ile inayopakwa fremu za madirisha ya aluminiamu. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme ukajinata, kisha kitu kikaokwa kwa joto la nyuzi 200 hivi za sentigredi. Hutoka ngumu, lakini huwa nene, kama sehemu ya kumi ya milimita au pungufu kidogo. Kwa hiyo matundu yenye hesi lazima yazibwe, au parafujo zitakataa kuingia. Tena vyuma vya zinki ya kumimina, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika magitaa ya bei nafuu, huwa na hewa ndani. Vikiokwa, hewa hutoka na kuacha malengelenge.

Iko na njia ya kutia rangi aluminiamu kwa asidi na umeme, ambapo madini yenyewe huota ganda linalonywa rangi, kisha hufungwa kwa maji ya moto. Ni nzuri mno, ila haifai kwa chuma wala shaba. Na ganda lile pia halipitishi umeme.

Chuma chetu kilipakwa upya na fundi mwingine. Kabla ya kukifunga alikwangua chini yake pahali padogo kama kichwa cha msumari, pale waya unapogusa, na vifereji ambamo nyuzi hulala. Halafu akatia mita, ncha moja kwenye uzi na ya pili kwenye tundu la waya wa amplifaya, upande wa ethi. Sindano ikaruka. Ndipo akadai pesa zake.