Utangazaji kama Darasa la Wafugaji: Funzo la Punda wa Kenya kwa Bujumbura

Makala hii inafafanua namna utangazaji unavyoweza kuwaelimisha wamiliki wa farasi na punda na kuwaunganisha wawe jumuiya. Mfano mkuu unatoka Kenya, ambako punda, nduguye farasi, hubeba maji, mavuno na riziki ya kaya nyingi.

Shirika la KENDAT lilitumia redio kueneza ujumbe wa "Mtunze Punda Akutunze". Ujumbe huo hauhubiri huruma pekee. Unahusisha kwato zilizopunguzwa na vidonda vilivyotibiwa na kipato cha mwenye mnyama. Msikilizaji huona faida yake, naye hujifunza.

Thamani ya umoja wa wamiliki ilidhihirika viwanda vya kuchinja punda vilipoanza kufunguliwa nchini humo mwaka 2016. Ngozi zilisafirishwa hadi China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Wizi ulizidi, na familia ziliamka na kukuta mazizi matupu. Malalamiko ya wamiliki yalichangia marufuku ya Februari 2020. Mahakama iliibatilisha mwaka uliofuata, lakini Februari 2024 Umoja wa Afrika uliafiki kusitisha biashara hiyo barani kote. Sauti za wafugaji waliotawanyika zilikuwa zimepata uzito.

Nchini Burundi farasi na punda ni wachache. Mnyama wa heshima ni ng'ombe. Hata hivyo, haja ni ileile. Mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipoua ng'ombe, serikali ilizuia usafirishaji na uuzaji wa mifugo. Katika hali kama hiyo, amri pekee haitoshi. Mfugaji anapaswa kuelewa kwamba mbu hueneza ugonjwa huo, na kwamba damu ya mnyama mgonjwa humwambukiza mchinjaji.

Hapa njia mbili zinakamilishana. Redio humfikia mfugaji wa milimani asiye na intaneti. Matangazo ya mtandaoni humwezesha mwenye simu kumwuliza daktari wa mifugo papo hapo, na jibu moja huwafaa wengi. Kirundi kibebe mafunzo vijijini. Kiswahili, kinachozungumzwa Buyenzi, kiyafikishe Uvira na Kigoma, kwa kuwa maradhi ya mifugo hayatambui mipaka. Jumuiya huanza pale mfugaji anapopata nafasi ya kujibu, si ya kusikiliza tu.