Askari Asafiripo, Nani Atamlisha Mbwa Wake?

Askari ni mtu wa safari. Tangu mwaka 2004, Rwanda ilipopeleka wanajeshi Darfur, wanajeshi na polisi wake wamehudumu pia Sudan Kusini na Afrika ya Kati, na tangu Julai 2021, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Amri ya kuondoka ifikapo, askari hupanga karo ya watoto, kodi ya nyumba na matumizi ya jikoni. Lakini langoni pake, huko Kicukiro au Gisozi, yupo mlinzi mmoja ambaye hakutajwa katika hesabu hizo. Huyo ni mbwa.

Mbwa wa kazi wa Polisi ni mali ya Serikali, na Serikali ndiyo imlishayo. Mbwa wa nyumbani hana fungu hilo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa hawezi kupewa jembe; kwa hiyo popote atakapowekwa, ni lazima awepo wa kumlipia.

Wengi wetu huona bei ya mlezi wa mbwa kuwa kubwa kwa sababu hatujui inalipia nini. Tuanze na chakula. Mbwa wa kilo 30 hula takriban gramu 400 za chakula kikavu kwa siku. Kwa zamu ya mwaka mmoja hizo ni kilo 146, yaani magunia matatu ya kilo 50 kasoro kilo nne. Juu ya chakula kuna banda la kusafishwa kila siku, maji safi, matembezi, dawa za kupe na minyoo, na mtu wa kuamka usiku mnyama anapougua. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni jasho la binadamu.

Tutoe mfano wa hesabu tu, si bei ya mahali popote. Mlezi akitoza faranga 3,000 kwa siku, wiki moja ni faranga 21,000, kiasi kisichotisha. Lakini mwaka mzima ni faranga 1,095,000. Hapo ndipo wengi hukwama: hupatana kwa hesabu ya wiki, kisha husafiri kwa mwaka.

Yafaa basi kuuliza kabla ya kuondoka. Je, chakula kimo ndani ya bei? Nani atalipa daktari wa mifugo, na hadi kiasi gani? Je, kuna nafuu kwa muda mrefu? Mapatano yaandikwe, na stakabadhi itolewe. Mlezi mwangalifu naye atadai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni muujiza. Kama mbwa hajapata kuchanjwa, achanjwe mwezi mzima kabla ya safari, maana kinga haiji siku ile ile ya sindano.

Wako wasemao, "Nitamwachia jirani, ni bure." Si bure. Jirani atalisha kwa mfuko wake mwezi wa kwanza, mwezi wa pili atapunguza, na mwezi wa tatu lango litaachwa wazi.

Wakongwe wa jeshi wanajua mwisho wa mbwa asiye na mwenyewe. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa waliopoteza wenyewe walizurura Kigali wakila maiti, na askari walilazimika kuwapiga risasi. Kwa miaka mingi baadaye mbwa walikuwa adimu mjini, na wananchi wengi hawakutaka hata kuwasikia. Hatulinganishi msiba ule na safari ya kikazi. Twasema tu kwamba njaa ya mbwa haisubiri mwenyewe arudi, na anayekutana nayo kwanza ni mtoto wa jirani aendaye shule.

Kwa hiyo, ndugu askari, fanya hesabu hiyo kabla ya kufunga begi. Ukiona huimudu, mtafutie mbwa wako mwenyewe mpya mapema, angali na afya na chanjo. Hiyo si aibu. Aibu ni kwenda kulinda raia wa mbali, huku nyuma umewaachia raia wa mtaa wako hatari uliyoifuga mwenyewe.