Picha ya Chetambe
Nilipanda kilima cha Chetambe, karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma, nikapiga picha mabaki ya ngome ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Niliporejea Kitale nilimwonyesha mwalimu mwenzangu, nikitarajia sifa. Aliitazama kitambo, akauliza: "Mwalimu, hii ni picha ya ngome au ya nyasi?"

Nilikasirika, nakiri. Lakini alisema kweli. Nilipiga adhuhuri, jua likiwa la utosi. Pasipo kivuli, handaki halionyeshi kina chake. Wala hapakuwa na mtu wa kulipimia. Darasa langu lingeona malisho tu, lisisadiki kwamba watu walifia pale.

Jumamosi nitarudi mapema asubuhi, nimsimamishe mwanafunzi mmoja ndani ya handaki.