Kabla Hujapanda Ekari Tano za Ndizi, Zunguka Kwanza Magulio na Vibanja



Haipiti wiki bila kijana kunipigia simu au kunisimamisha barabarani hapa Kagoma na swali lilelile: "Afisa, ndizi gani inalipa?" Jibu langu huwa linawaudhi. Nawaambia mimi sina jibu zuri kushinda gulio, na gulio nalo halina jibu zuri kushinda mzee mwenye kibanja. Toa siku mbili, vaa viatu vya kutembelea, zunguka. Wengine wanacheka, wanadhani afisa ugani amechoka kufundisha.

Nasema hivi kwa sababu mwenyewe nilishaumia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nimetoka chuoni na stashahada yangu, najiona najua kila kitu. Nikakuta mtu gulioni anauza machipukizi ya migomba, manene, yanang'aa, bei nzuri. Nikanunua 40, nikayapakia kwenye bodaboda mbili mpaka kwa mama, tukayapanda pembeni mwa kibanja. Sikuuliza yametoka wapi. Baada ya miezi michache majani yakaanza kulegea na kugeuka njano, kama mgomba uliomwagiwa maji ya moto. Nikakata shina moja, likatoa uji wa njano. Nilijua hapohapo. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulimuuliza kwao ni wapi?" Tuling'oa mashina 63, mengine aliyapanda baba kabla mimi sijaanza shule.

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko bakteria. Uliingia Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa huku kwetu Kagera. Hauna dawa ya kupuliza. Unasafiri kwenye machipukizi, kwenye panga, na kwa wadudu wanaotembelea lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu. Maana yake ni kwamba unasafiri na watu. Mimi niliubeba kwa bodaboda.

Sasa tuzungumzie huo mzunguko.

Anza na gulio, usianze na shamba. Huku kwetu kila eneo lina siku yake: Muhutwe, Kamachumu, Nshamba, Muleba mjini na mengine madogo ya vijijini. Siku zenyewe uliza wenyeji, maana zinabadilika. Fika mapema. Namaanisha alfajiri, wakati baiskeli zinashuka na mikungu imefungwa ubavuni na mwenye baiskeli anaisukuma kwa miguu kwa sababu hana pa kukaa. Ukifika saa nne umekuta mabaki, na mabaki yatakudanganya.

Ukifika usinunue kitu. Kaa pembeni, kunywa chai, tazama. Mkungu upi unanunuliwa kwanza? Mara nyingi si ule mkubwa kuliko yote. Ni ule wenye vidole vilivyojaa sawasawa na visivyo na michubuko, kwa sababu mwenye lori anafikiria safari ya Mwanza au Kahama, anajua mchubuko wa asubuhi ni doa jeusi la kesho kutwa. Tazama nani anapanga bei. Ndizi zetu bado zinauzwa kwa macho, mkungu kwa mkungu, na dalali mzoefu macho yake ni mzani. Wewe mgeni macho yako bado hayajakomaa. Kwa hiyo nenda na mzani mdogo wa kuning'iniza, omba kwa adabu upime mikungu kumi iliyokwisha uzwa, andika kilo na bei. Watakushangaa, lakini watakuruhusu. Kwa daftari hilo moja utajua kilo ya ndizi inauzwaje, jambo ambalo wauzaji wengi pale gulioni hawalijui.

Uliza bei asubuhi, uliza tena saa tisa mchana. Ile tofauti ndiyo gharama ya kuchelewa, na kama shamba lako litakuwa kilometa 15 kutoka barabara ya lami, tofauti hiyo itakuwa yako kila wiki.

Pita pia upande wa akina mama wanaouza maharage, njugu mawe, magimbi na dagaa. Na kama umekuja msimu wa senene, basi usitegemee mtu kukusikiliza habari za ndizi, rudi wiki nyingine.

Siku ya pili ndiyo ya kupanda mlima.

Ukisimama juu ya mgongo wowote wa vilima vyetu, utaona nchi imepangwa kama mistari ya daftari: vilima vinaenda kaskazini hadi kusini sambamba na ziwa, katikati mabonde na mabwawa. Ule upande wa ziwa mvua ni nyingi sana, Bukoba mjini inafikia milimita 2,000 kwa mwaka, ila ukielekea magharibi inapungua mpaka chini ya nusu ya hapo. Kijana anayeiga kalenda ya rafiki yake wa kando ya ziwa wakati yeye yuko bara anapanda wakati usiofaa.

Halafu angalia rangi. Vijiji vinaonekana kama visiwa vya kijani kilichokoza katikati ya majani ya rangi ya nyasi kavu. Vile visiwa ni vibanja. Ile nyasi ni rweya. Na hapa ndipo pesa za vijana wengi zinapozama.

Rweya ni rahisi kununua, ni pana, haina mti wa kung'oa. Kijana anapata ekari tano, anapiga hesabu: nafasi ya mita 3 kwa 3, mashina kama 450 kwa ekari, kila shina mkungu, anaanza kutafuta gari la kununua. Anachosahau ni kwamba kile kibanja cha bibi yake hakikuumbwa na Mungu kikiwa vile. Kilitengenezwa. Watu walikata nyasi rweya wakazibeba kichwani, wakaziweka nyumbani kwanza, nyingine wakatandika chini ya ng'ombe, mwisho zikaishia chini ya migomba. Mavi ya ng'ombe waliochungwa rweya nayo yalirudi palepale. Kizazi hadi kizazi, rutuba ya kilima kizima ilikuwa inahamishwa kidogokidogo kwenda kwenye kipande kimoja cha ardhi kuizunguka nyumba. Rweya uliyonunua kwa bei chee ndiyo iliyochotwa. Udongo wake mara nyingi ni wa kichanga, wenye tindikali, na mvua imeshaosha kilichobaki. Wazee wetu hawakupanda migomba huko. Walikuwa wanalima njugu mawe na mihogo kwa msimu, kisha wanaliacha lipumzike miaka.

Sisemi rweya haiwezekani. Nasema piga hesabu ya samadi kabla ya hesabu ya mikungu. Debe mbili tu kwa kila shimo, mashimo 450, ni debe 900 kwa ekari moja. Kwa ekari tano ni debe 4,500, na hiyo ni ya kupandia tu. Una ng'ombe wangapi? Jirani yako anauza samadi, au naye anaililia? Hilo swali utajibiwa vizuri kibanjani kuliko ofisini kwangu.

Basi mtafute mzee mwenye kibanja kizuri, anajulikana tu, muulize mwenyekiti wa kitongoji. Na uende kama mgeni, si kama mkaguzi. Usikatize katikati ya migomba, fuata njia iendayo nyumbani. Panga liache kwenye pikipiki. Viatu visafishe udongo wa ulikotoka. Mzee mwite Ta, mama mwite Ma, mbele ya jina lake, na salamu usiikimbize. Pengine utaletewa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Pokea kwa mikono miwili, tafuna. Nimewahi kwenda na kijana mmoja aliyekataa akisema yeye hatumii kahawa, na mzee akatujibu maswali yote kwa "ndiyo" na "hapana" mpaka tukaondoka. Nadhani angetuambia mengi.

Ukishakaa vizuri, mwombe akutembeze. Acha yeye atangulie. Utaona kwamba kibanja hakina mistari lakini kina mpango. Karibu na nyumba, kunakotupwa maganda na majivu, kuna migomba minene kuliko yote. Chini yake kahawa, maharage, magimbi pale penye kivuli. Ukielekea pembeni migomba inapungua unene, na mwishoni kabisa unaweza kukuta kikamba, shamba lililochoka. Muulize kikamba kile kilikuwaje zamani. Mara nyingi utasikia habari ya ng'ombe waliokwisha, watoto waliohamia mjini, au fukusi na minyoo waliokula mizizi. Hayo yote ni somo la usimamizi wa shamba, limelala pale chini.

Muulize majina ya migomba. Usiridhike na "matoke". Atakutajia Enchoncho, Entobe, Enshakala na mengine mengi, na atakuambia upi unavumilia jua, upi unaanguka kwa upepo, upi anapika mgeni akija. Kisha kuna za pombe na za kuchoma. Ataonyesha pia FHIA-17 au FHIA-23, zile ndizi kubwa zenye asili ya Honduras zilizosambazwa huku kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkungu wake unatisha kwa ukubwa, na inavumilia magonjwa kadhaa, lakini walaji wetu wengi bado mezani wanachagua matoke ya kienyeji. Ndiyo maana nilikuambia uanze na gulio: ulishaona mkungu upi uliondoka kwanza. Na mtu asikudanganye kwamba kuna mgomba usioshikwa na mnyauko. Hakuna. Kainja ndiyo hatari zaidi kwa sababu ua lake linavuta wadudu sana.

Halafu tazama anavyotoa ua dume. Mzee makini hatumii panga. Anatumia kijiti chenye panda, anakizungusha, ua linakatika, mara tu chane ya mwisho ikishatoka. Panga lake analipitisha motoni mpaka lisishikike, au analiosha kwa Jik, kabla ya kuhama shina. Kama kibanja kizima kina mikungu iliyokomaa na maua dume bado yananing'inia, nywa maji yako, shukuru, na machipukizi usinunue hapo hata kama unapewa bure.

Ukiona kibanja safi, omba machipukizi yakatwe hapohapo ukiona, kutoka shina unaloliona. Menya kile kiazi cha chini mpaka kiwe cheupe, kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, hiyo inaua fukusi na minyoo. Mnyauko haiuondoi. Kwa mnyauko kinga ni kujua kulikotoka tu. Wenye mahitaji makubwa waulizie miche kituo cha utafiti cha TARI Maruku, nao si mbali na mji wa Bukoba. Ukienda huko pita Katuruka, jirani tu, uone wazee wa wazee wetu walivyokuwa wanayeyusha chuma kwenye vilima hivihivi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Haina uhusiano na ndizi, ila nenda.

Kuna jambo moja la kujihadhari. Ukionekana kijijini na daftari na pikipiki nzuri, kuna mtu atakufuata pembeni akuuzie kahawa ambayo bado ni maua, au mikungu ambayo haijatoka. Hiyo ni butura. Wewe utaona ni faida, yeye ana mtoto mgonjwa au ada ya shule inamkaba. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku mara nyingi, na zaidi ya sheria, kijiji hakisahau. Utakuja kuwa mnunuzi wa ndizi za hao hao watu kwa miaka 20. Kama una moyo wa kusaidia, nunua mkungu uliopo, lipa bei ya gulio uliyoiandika jana yake.

Ile pembe ya kibanja cha mama tuliiacha bila mgomba zaidi ya miezi sita, tukawa tunalima maharage. Machipukizi yaliyorudi pale hayakununuliwa gulioni. Yalitoka kwa jirani wa ng'ambo ya bonde, na mama hakunituma mimi. Alikwenda mwenyewe, akazunguka kibanja cha watu kutwa nzima, akarudi jioni na machipukizi sita.