Je, Wajua? Wanafunzi, Kasa na Misitu ya Kosta Rika

Je, wajua kwamba Kosta Rika inaingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara 18, lakini inakadiriwa kuwa na karibu asilimia 5 ya aina zote za viumbe hai duniani? Ina kilomita za mraba 51,100 tu, bahari mbili ubavuni na safu ya milima ya volkano katikati. Kila mwaka makundi ya wanafunzi, hasa kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, hufunga safari kwenda kushika kazi za uhifadhi huko.

Je, wajua nchi hiyo haina jeshi? Lilivunjwa Desemba 1948, wakati wa uongozi wa José Figueres.

Je, wajua hakuna barabara inayofika kijiji cha Tortuguero, kwenye pwani ya Karibi? Huendwa kwa boti kupitia mifereji ya msituni, au kwa ndege ndogo. Mvua ya mwaka hupita milimita 5,000, kwa hiyo mabuti ya mpira ni lazima.

Je, wajua ufuko wa kijiji hicho ni miongoni mwa mahali pakubwa kabisa pa kutagia kasa wa kijani katika bahari yote ya Atlantiki? Mwanazuolojia Archie Carr, wa Chuo Kikuu cha Florida, alianza kuwachunguza kasa hao katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1959 likaundwa shirika la kuiendeleza kazi hiyo, ambalo leo linaitwa Sea Turtle Conservancy, na mwaka 1975 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Tortuguero. Kabla ya hapo kasa wa pale walikamatwa kwa wingi kwa ajili ya nyama na supu ya kusafirishwa nje.

Je, wajua mwanafunzi hufanya nini hasa usiku kwenye ufuko huo? Huvaa nguo nyeusi na kutembea mchangani gizani, kwa maili nyingi, nyuma ya kiongozi anayeusoma mchanga kwa macho. Tochi nyeupe ni marufuku; ikibidi kuwa na mwanga, uwe mwekundu. Kasa akionekana anapanda kutoka majini, wote husimama kimya, maana katika dakika hizo kishindo kidogo tu humrudisha baharini na mayai yake tumboni. Akishachimba shimo na kuanza kutaga hutulia, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mmoja anahesabu mayai yanavyodondoka, na kasa wa kijani hutaga mia moja hivi kwa mkupuo. Mwingine anapima urefu wa gamba, mwingine anaandika. Namba ya kibandiko cha chuma kwenye pezi la mbele husomwa kwa sauti. Kama hana, huvalishwa. Kisha mama hufukia shimo, hutawanya mchanga kuficha dalili, akaenda zake.

Machozi yale mazito yanayomtoka wakati wa kutaga si ya uchungu: hutoka kwenye tezi zinazotoa chumvi ya ziada mwilini.

Je, wajua kwa nini vibandiko ni muhimu? Carr aliandika ahadi ya zawadi juu ya vibandiko vyake, na wavuvi wakaanza kuvirudisha kutoka mbali. Vingi vilitoka Nikaragua, kwenye malisho ya nyasi za baharini. Ikajulikana kwamba kasa anayezaliwa nchi moja hula nchi nyingine, na kwamba hakuna serikali inayoweza kumlinda peke yake.

Hapa ndipo ninapoziheshimu safari za wanafunzi. Kasa wa kijani huchukua miongo kadhaa kupevuka, halafu jike hatagi kila mwaka. Hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Usiku mmoja wa hesabu hauelezi kitu, na msimu mmoja unaweza kudanganya kabisa. Kinachosema kweli ni mfululizo wa miaka, na mfululizo huo unahitaji miguu mingi ya kutembea ufukoni. Mikono hubadilika kila msimu, daftari ni lile lile.

Je, wajua joto la mchanga ndilo linaloamua kama yai litatoa dume au jike? Mchanga wa moto huleta majike, wa baridi huleta madume. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga wa kijani waliopimwa ni majike. Ndiyo sababu vipimajoto huzikwa kando ya viota.

Je, wajua kumbeba mtoto wa kasa hadi majini si kumsaidia? Inaaminika kwamba huanza kuutambua ufuko wake, pamoja na usumaku wa mahali hapo, tangu anapotoka, ili arudi ukubwani. Aachwe atambae.

Je, wajua huko Ostional, upande wa Pasifiki, wanakijiji huruhusiwa kisheria kuchukua mayai ya kasa? Kasa hupanda pale kwa maelfu ndani ya siku chache, na wanaokuja nyuma hufukua viota vya waliotangulia. Kwa hiyo wanakijiji huchukua mayai ya mwanzo tu, nao hulinda ufuko na kuusafisha. Wageni wengi hushtuka. Mimi naona ni mpango wa haki: anayeishi na kasa anapata sababu ya kuwalinda.

Je, wajua twiga ana pingili 7 za shingo, sawa na binadamu, lakini slothi wa kucha tatu, mkazi wa misitu ya Kosta Rika, anaweza kuwa na 9? Mnyama huyo wa polepole, mwenye mwani unaoota kwenye manyoya, hushuka mtini mara moja hivi kwa wiki kwenda haja.

Je, wajua msitu mkubwa kabisa wa hifadhi binafsi nchini humo ulianza na watoto wa shule? Mwaka 1987, katika shule ndogo ya msingi vijijini Sweden, mwalimu Eha Kern alimwalika mwanabiolojia Sharon Kinsman awaeleze watoto kuhusu msitu wa milima ya Monteverde, Kosta Rika. Watoto wakauliza: tunaweza kuununua msitu huo usikatwe? Wakaandaa maonyesho, wakauza vitu, wakatuma pesa kwa chama cha uhifadhi cha Monteverde. Shule nyingine zikafuata, hadi watoto wa nchi 44 wakawa wamechangia. Leo msitu huo, Bosque Eterno de los Niños (Msitu wa Milele wa Watoto), una zaidi ya hekta 22,000, zaidi ya mara nne ya Hifadhi ya Jozani, Zanzibar. Wengi wa watoto wale hawakuwahi kuukanyaga.

Milima hiyo hiyo ya Monteverde ilikuwa makazi pekee ya chura wa dhahabu. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1989.

Je, wajua misitu ya Kosta Rika imerudi? Katika miaka ya 1980 ilikuwa imebaki chini ya theluthi moja ya nchi. Sasa inafunika zaidi ya nusu. Sheria ya 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba, na tangu 1997 serikali humlipa mwenye ardhi anayetunza miti, sehemu ya fedha zikitoka kwenye kodi ya mafuta.

Je, wajua kazi ya kulinda kasa imegharimu maisha? Tarehe 31 Mei 2013, Jairo Mora Sandoval, kijana wa miaka 26, aliuawa ufuko wa Moín alipokuwa akilinda viota vya kasa wa ngozi. Alikuwa na wanawake wanne wa kujitolea kutoka nje, waliotekwa lakini wakasalimika. Mwaka 2016 mahakama iliwatia hatiani wanaume wanne. Kwa hiyo anayekupeleka ufukoni usiku muulize mapema: nani anatulinda, na takwimu tutakazokusanya zinakwenda wapi? Akikuahidi picha ukiwa umemkumbatia slothi, mkimbie. Mwaka 2019 serikali ya huko ilianzisha kampeni dhidi ya picha za namna hiyo.

Je, wajua huhitaji kuvuka bahari? Kasa wa kijani na ng'amba hutaga pia pwani yetu, ikiwemo Watamu na Mafia, na viota vyao hulindwa na wanakijiji. Ukimkuta kasa mwenye kibandiko pezini, usiking'oe. Andika namba, tarehe na mahali, upeleke ofisi ya uvuvi iliyo karibu.