Hina Haina Haraka ya Treni

Mwanamume ana hamri mkononi. Anamega kipande, anachovya kwenye mbaazi, anapuliza, anamlisha mkewe. Mke amenyoosha mikono mbele, viganja na migongo yake mpaka karibu na viwiko imejaa hina mbichi, na hawezi kushika kitu. Simu ikalia kwenye mkoba, mume ndiye aliyeipokea na kumwekea sikioni. Nywele zikamwangukia usoni, mume akazirudisha. Tone la mbaazi likatua kidevuni, mume akatafuta kitambaa, akakikosa, akatumia dole gumba. Wapita njia wa Mji wa Kale wakatazama, kisha wakajifanya hawakutazama.

Mimi nilikuwa nimeingia vichochoro hivyo kutafuta kahawa tungu tu. Mombasa nilitumwa kwa habari nyingine, ya bandari, ambayo wasomaji wa ukurasa wa biashara walishaisoma na bila shaka wameshaisahau. Lakini mikono ile ilinifanya nikae barazani, upande wa pili wa mwanamama aliyekuwa ameichora, na aliyekuwa sasa ameinamia mguu wa mteja mwengine. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamsifu kwa kazi nzuri.

"Usinisifu kwa matope, mwanangu," akanijibu bila kuinua macho. "Hapa mimi huona matope tu. Kazi yangu huonekana Nairobi."

Neno hilo lilinirudisha pale siku iliyofuata.

Amepita miaka hamsini, na ufundi alifunzwa na shangazi yake. Jina hataki liandikwe. Anasema jina likitoka gazetini, asubuhi watakuja watu wa kodi na jioni watakuja jamaa wa kukopa. Zamani wateja wake walikuwa maharusi wa mjini na akina mama wa kujiandaa kwa Idi. Hao bado wapo. Lakini wanaomlisha sasa, anakiri mwenyewe, ni watu wa bara wa Ijumaa mpaka Jumapili: mtu na mkewe, wamemwachia bibi watoto, wamekuja kupumua Mombasa.

Msomaji anaijua safari hiyo. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, mtu anaweza kutoka kazini Nairobi, akapanda pale Syokimau, na usiku huohuo akateremka Miritini, kwa mwendo wa saa tano au sita. Treni ya zamani ilikula usiku mzima na mara nyingi asubuhi pia. Kwa hiyo wikendi moja sasa inatosha: picha chini ya mapembe ya Moi Avenue, Fort Jesus, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu pale Mama Ngina, kuoga baharini, leso mbili za Biashara Street, na hina. Ratiba za namna hii nimezisikia nyingi, na karibu zote huiweka hina mwisho, ile saa inayobaki kabla ya kutafuta tuktuk.

Hapo ndipo ugomvi wa mwanamama huyu na treni unapoanzia.

Unga wa hina ni majani ya mhina, yamekaushwa na kusagwa. Yeye haupokei ulivyo. Anauchekecha kwa soksi ya nailoni ya kike mpaka ubaki vumbi, maana chembe moja ikiziba ncha ya koni, mstari hukatika na ua huwa doa. Anaukanda kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, anadondoshea mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, anaufunika na kuulaza usiku. Asubuhi anajaza koni alizozikunja mwenyewe, za nailoni, nyembamba mwisho. Mikono miwili iliyojaa humchukua saa nzima na zaidi, na koni haiinuki mpaka jani limefika kwenye kikonyo chake. Kisha ndipo kazi inapoanza, na kazi yenyewe ni kukaa. Hina ikianza kukauka na kupasuka, huigusagusa kwa pamba iliyolowa ndimu na sukari isije ikabanduka mapema. Saa sita ni sawa. Nane ni bora. Kulala nayo ni bora zaidi.

Inapobanduliwa, ngozi hubaki na rangi ya chungwa. Hapo mgeni hunung'unika. "Ataniambia, Bi, mbona haikushika? Mimi namwambia, ngoja. Usitie maji leo, usioshe vyombo leo, mume yupo. Ngoja kesho. Ataniangalia kama namtapeli."

Hatapeli. Rangi huendelea kukolea siku moja, mbili, ikitoka kwenye chungwa kwenda kwenye wekundu mzito wa kahawia. Sasa piga hesabu. Aliyepakwa Jumamosi adhuhuri akakubali kulala nayo, hupanda treni Jumapili mikono yake ikiwa bado mibichi kwa rangi. Tsavo inampita dirishani, hina inakolea. Jumatatu, wakati kila kitu cha Mombasa kimeshamwisha isipokuwa mchanga kwenye viatu, ndipo maua yale huiva. Wanaoyaona ni mlinzi wa getini, keshia wa duka la jumla na wenzake wa ofisini. Aliyeyachora hayaoni.

Siku hizi huona picha zake. Alinionyesha simu yake, na hapo nilipoteza muda mwingi kuliko nilivyomwambia mhariri. Mikono na mikono. Mkono juu ya usukani, nyuma yake foleni ya magari isiyosogea. Mkono kwenye kibodi ya kompyuta. Mkono umeshika mwiko ndani ya sufuria ya ugali, maua yakiwa yameng'aa kwa mvuke. Mkono juu ya mgongo wa mtoto aliyelala. Hakuna uso hata mmoja. Wengi wao, anasema, akikutana nao njiani hatawajua, lakini mchoro wake ataujua. Huiangalia picha, huikuza kwa vidole, hutafuta kosa. "Hili jani nililikimbiza," akaniambia, akionyesha jani ambalo mimi niliona halina kasoro.

Wanaotuma ni wachache. Wengine huchukua namba wakaahidi, na asisikie kitu tena. Nilimuuliza kama humuuma. Akanyonya meno, akaomba nimsogezee koni.

Kuhusu waume ana mengi zaidi. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akiwatazama wakati ambao hawajui kuwa wanatazamwa. "Mume mzuri hotelini si hoja. Hotelini kila mtu mzuri, chakula kimepikwa, kitanda kimetandikwa. Mimi namjua mume ile saa mikono ya mkewe haifanyi kazi." Kuna anayeuliza itachukua muda gani, akatajiwa, akaenda zake kuzuru Fort Jesus peke yake. Kuna anayekaa, lakini amekaa na simu. Kuna anayelisha akiangalia huku na huku, asionekane na watu. Na kuna wa mbaazi, kama yule niliyemkuta, ambaye alipoulizwa na mzee wa kahawa kama ni bwana harusi mpya alisema wana mtoto wa darasa la sita.

Nimeolewa, na sitaki kusema zaidi ya hapo, lakini njiani kurudi nilipolala nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipolishwa kitu na mtu nikiwa mzima wa afya.

Desturi ya pwani iliiweka hina ya maua kwa mwanamke aliyeolewa. Mwari hakujichora, alingoja siku yake, na somo wake, yaani kungwi, ndiye aliyemwandaa. Wageni wa Ijumaa hawaji na cheti cha ndoa. Wengine ni wachumba, wengine sijui niwaiteje. Nilimuuliza kama huwauliza. "Niulize mimi ni kadhi?" akacheka, kisha akanyamaza kidogo. Yuko mmoja, akasema, aliyemwomba afiche herufi ya jina la mwanamume katikati ya maua ya kiganja. Akaificha vizuri. Baada ya muda akaja tena na mwanamume mwengine, akataka herufi nyingine. Nikamuuliza alifanya nini. "Nikaificha vizuri zaidi." Nilitaka kujua kama lilimsumbua. Hakunijibu, nami sijui hata leo kama kunyamaza kule kulikuwa aibu, huruma au biashara.

Ambacho humsumbua waziwazi ni piko. Kwa mtu wa pwani piko si kitu kigeni. Ndiyo nyeusi inayozungushiwa maua mekundu ya bibi harusi. Lakini inayopakwa mara nyingi ni rangi ya nywele tu, na ndani yake mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Sheria za Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye nywele kwa kiwango kidogo, si kwenye ngozi. Kwa baadhi ya watu huwasha, hutoa malengelenge, na huacha kovu lenye umbo lilelile la ua. Aliyedhurika mara moja huenda asiweze tena kupaka rangi nyeusi ya nywele maisha yake. Hina ya majani haiwi nyeusi tii hata ilazwe wiki nzima. Anayekuuzia nyeusi na kuiita hina ya asili, mwogope.

Lakini piko ina sifa ambayo mtu wa wikendi haipingi. Hukauka upesi na huonekana papo hapo. Unapakwa ukisubiri tuktuk. Na ikitaka kuunguza, mara nyingi hungoja siku kadhaa, hata wiki mbili. Kwa hiyo kidonda nacho hujitokeza Nairobi, mbali na aliyekipaka.

Yeye piko aliiacha baada ya kutumiwa picha ya mkono aliouchora mwenyewe, umevimba. Picha hiyo hakunionyesha. Anasema alimpigia mwenye mkono, akamwomba radhi, na mwenye mkono ndiye aliyekuwa akimpoza.

Tukiwa bado hapo, simu ikalia. Mteja wa Nairobi, amefika na mumewe, wataka hina kesho, Jumapili. Treni yao ni ya alasiri. Akamwambia waje leo jioni, alale nayo. Haiwezekani, jioni wana meza ya chakula Nyali. Akapiga kite, akamwambia basi njooni saa moja asubuhi, msichelewe, na mume aje na chakula cha kumlisha.

Nilimuuliza kwa nini hamkatai, naye anajua rangi haitapata saa zake.

"Nikimkataa ataenda kwa mwenye piko," akasema, akarudi kwenye mguu wa mteja.