Akiba bila kujinyima: chunguza unavyonunua kabla ya kupunguza unachokula

Ikifika saa kumi na mbili jioni, duka la Mangi katika mtaa wowote wa Dar es Salaam hujaa watoto waliotumwa. Huyu anataka mafuta ya kupima ya shilingi mia tano, yule sukari robo, mwingine majani ya chai ya pakiti ndogo na vocha ya mama yake. Kila mmoja anaondoka na kidogo chake, na kesho saa hiyohiyo atarudi. Mikononi mwao hamna anasa hata moja, lakini hapo ndipo fedha za familia nyingi zinapovujia.

Ushauri tuliouzoea kuhusu akiba huanzia kwenye sahani: acha nyama, acha soda, acha maandazi ya asubuhi. Mtu huvumilia wiki mbili, kisha siku ya mshahara hulipiza kisasi kwa chipsi kuku na vinywaji vya meza nzima. Iko njia isiyochosha kiasi hicho. Kabla ya kukiacha kitu unachokipenda, tazama unavyokinunua, unavyokipika na unavyokilipia.

Kupima kuna gharama yake

Chukua mafuta ya kula. Tuseme dumu la lita tano linauzwa shilingi 30,000, na dukani kipimo cha mililita 100 ni shilingi 800. Anayenunua kwa kipimo atakuwa ametoa shilingi 40,000 kufikia lita tano zilezile. Chapati ni zilezile, samaki ni yuleyule, ila shilingi 10,000 zimekwenda. Mangi hana kosa, maana naye anapima, anamwagikiwa na kukesha dukani. Lakini kwa mnunuzi, bandu bandu huisha gogo.

Ugumu ni kwamba anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Huwezi kumwambia dereva wa bodaboda au mama ntilie aanze kesho kununua kila kitu kwa jumla. Anachoweza ni kuanza na kitu kimoja kinachotumika kila siku, na majirani wawili wanaweza kuchangia dumu moja wakagawana. Nafuu inayopatikana kwenye mafuta ndiyo itakayonunua mchele kwa jumla, na ya mchele itanunua sabuni.

Mahindi nayo yana wakati wake. Bei hushuka mavuno yanapoingia sokoni na kupanda kadiri msimu unavyosogea. Wenye uwezo wa kuchangia gunia wakati wa mavuno hula ugali uleule kwa bei nafuu, mradi wayakaushe vizuri na kuyakinga na dumuzi. Mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu zinazozuia hewa, huwaua wadudu hao bila dawa yoyote.

Jikoni na kwenye LUKU

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema kuliko yaliyotupwa chunguni makavu, na kila dakika inayookolewa ni gesi au mkaa uliobaki. Maji ya chai yakichemshwa mara moja asubuhi na kuhifadhiwa kwenye chupa, hakuna haja ya kuwasha jiko tena saa nne wala saa kumi. Chai ni ileile, na sukari haijapunguzwa.

Kwenye umeme wa LUKU, hesabu ni ya wazi zaidi. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na makato mengine. Uniti ya 76 ni ghali mara tatu na nusu kuliko ya 75. Kaya iliyo kwenye daraja hilo haihitaji kukaa gizani wala kuzima televisheni siku ya mechi ya Simba na Yanga. Inachotakiwa kufanya ni kujua nini kinakula umeme wake, kisha kubana vitu vinavyozalisha joto: pasi, hita na jagi la umeme. Nguo za wiki nzima zikipigwa pasi kwa mkupuo mmoja, pasi haipati moto upya kila asubuhi.

Simu hunyonya kwa utaratibu huohuo. Kifurushi cha shilingi 1,000 kila siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Linganisha na cha mwezi kabla ya kubonyeza. Vilevile, kutoa shilingi 10,000 kwa wakala mara tano aghalabu hukatwa zaidi kuliko kutoa 50,000 mara moja.

Michango ipangiwe fungu

Kuna matumizi ambayo mshauri wa kigeni hayaoni: mchango wa harusi, kitchen party, msiba, ubatizo. Kuyakataa ni kujitenga na watu, na siku yako ikifika utakuwa peke yako. Yatengee fungu la mwaka. Kadi inapokuja, taja kiasi unachokiweza siku hiyohiyo na ukitoe mapema. Kinachoumiza ni ahadi kubwa iliyotolewa kwa aibu mbele ya kamati, kisha ikalipwa kwa mkopo. Raha yako nayo, iwe pilau ya Ijumaa au safari ya kwenda kwa bibi, ipangie fungu lake ili isije ikaiba la ada.

Nafuu iwekwe wapi

Nafuu ikibaki mfukoni italiwa. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, vimeenea. Mfumo unaofanana na wa VICOBA ulianzishwa na shirika la CARE kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Wanachama hununua hisa kila wanapokutana, na sanduku mara nyingi huwa na kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu tofauti. Vingi hugawana mwishoni mwa mwaka, wakati mzazi anatafuta ada na sare za Januari. Kabla ya kujiunga, hakikisha kikundi kimesajiliwa, kina katiba, na hesabu husomwa mbele ya wote.

Wiki hii chukua daftari uandike kila shilingi inayotoka, hata ya karanga. Ikiisha, chagua tundu moja tu uzibe, na kiasi ulichookoa kipeleke kwenye kibubu au kikundi siku hiyohiyo. Maandazi yako endelea kula.